Kindi na Chura wa Kuchekesha

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipojenga nyumba na kwenda sinema, Kindi alikuwa mchoraji wa Bwana Kiboko, tena akikaa nyumbani kwake. Kiboko alikuwa akitengeneza filamu ya katuni. Na shujaa wake, wanangu, mnadhani alikuwa nani? Kiboko mwenyewe!

Siku ya kuionyesha kwa majaribio, ukumbi mzima ulipiga miayo. Tembo akalala kabisa. Khoroo! Khoroo!

"Aibu gani hii!" Kiboko akanguruma. "Wewe Kindi! Mchoree shujaa rafiki, mnyama mdogo wa kuchekesha. Usiponichekesha kufikia Ijumaa, funga virago uhame kwangu!"

Kindi alikuwa na vitoto vinne, hata macho havijafumbua. Angehamia wapi? Akachora mbio mbio.

Akampelekea kanga mwenye kofia. "Mzuri mno huyu, atanifunika!" Chwaa! Kiboko akaichana karatasi.

Akampelekea tumbili mwenye miwani. "Ana akili mno!" Chwaa!

Alhamisi Kindi alikaa kando ya mto, moyo mzito. Mara Kiboko akatoka majini, akajipiga kifua. "Mimi ndiye mimi!" Nyuki mmoja akapita, vuuu! Kiboko huyoo, matopeni, chubwi! Akachungulia kama kuna aliyemwona, kisha akaondoka kwa maringo.

Kindi akajiziba mdomo. Kumbe!

Ijumaa akaja na rundo la karatasi. Akazipeperusha kwa kidole, prrr! Chura mwenye kitambi akaanza kutembea karatasini. Akajipiga kifua: "Mimi ndiye mimi!" Inzi akapita. Chura, chubwi, matopeni! Akachungulia, akaondoka kwa maringo.

"Kwa! Kwa! Kwa!" Kiboko akagaragara chini. "Mjinga gani huyu! Anaogopa inzi!"

"Anafaa, mzee?" Kindi akauliza kwa upole.

"Anafaa sana! Wanyama wote mnisikie: chura huyu hafutwi, na Kindi hahami!"

Filamu ikaonyeshwa. Kila chura alipotokea, ukumbi ulitikisika kwa vicheko. Mbele kabisa Mama Kiboko alikuwa akijifuta machozi.

"Baba Tindo," akamwambia mumewe, "Kindi amekuchora wewe kweli kweli!"

"Mimi? Mimi ni yule shujaa!"

"Shujaa simjui. Chura ndiye aliyenioa."

Wote wakamgeukia Kiboko. Kindi akasimamisha mkia, tayari kukimbia. Kiboko akamtazama chura. Akalitazama tumbo lake. Akamtazama chura tena. Akafumbua lile domo lake kubwa...

"Kwa! Kwa! Kwa!" Akacheka mpaka kiti kikavunjika, kacha! "Wewe Kindi, umeniweza! Maneno yangu nimeshayasema mbele ya wanyama wote, basi kaa na wanao. Lakini nakuomba, ndugu yangu, kitambi kipunguze kidogo!"

Na mimi naishia hapo, wanangu, ila shikeni hili: mkubwa anayeweza kujicheka, wadogo hukaa naye kwa raha.