Kiboko na Ukoko wa Siku Ishirini na Moja

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi mwenye mdomo huu sikuzikuta, wanyama walikuwa na nyumba, na majiko, na wake wa kuwagombeza. Sogeeni karibu. Wewe unayechezea kandambili tulia, maana hadithi hii ni ya mtu aliyeshindwa kutulia.

Alikuwa Kiboko, bwana mkubwa, mwenye nyumba kando ya mto na shamba la mpunga lililoanzia nyuma ya nyumba hadi kwenye matete. Asubuhi aliketi barazani, na kabla hujamaliza kumwamkia ameshainuka. Anaingia mtoni, chubwi! Anatoka. Anazunguka nyumba. Anasimama kutazama ng'ambo ya mto, anashusha pumzi, anarudi barazani, na kiti hakijapata joto ameinuka tena. Mkewe akimuuliza anatafuta nini, hujibu kwamba hajui, ila kuna njaa imemkaa mahali ambapo chakula hakifiki.

Na chakula alikuwa nacho. Kila adhuhuri aliletewa sinia lake peke yake, wali mweupe wa juu ya chungu, na kitoweo chake pembeni. Ndiyo ilikuwa desturi ya watu wa mto: mkubwa hula kwanza, hula barazani, na jikoni hakanyagi. Alikula, akalamba sinia, na ile njaa ikabaki palepale.

Akaona dawa ni kuhama. Mwaka ule walikuwa wameshahama mara mbili. Mara ya kwanza waliacha mihogo ardhini, mara ya pili waliacha mtama shambani. Sasa akatangaza kwamba keshokutwa wanavuka kwenda ng'ambo, kwa kuwa majani ya kule, akiyatazama kutoka huku, yalionekana yana kitu.

Bi Kiboko aliposikia hivyo alikwenda shambani. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke, lakini ukibonyeza punje zilitoa maziwa tu. Ulitaka majuma matatu zaidi. Wakiondoka, ndege wangeumaliza kwa siku mbili, na watoto wake watatu wangeingia msimu wa mvua bila akiba. Safari ile ya mtama, kitinda mimba alikonda hadi wakadhani watamzika. Bi Kiboko hakutaka kulia mbele ya mumewe, akaenda kulia jikoni.

Huko alimkuta jirani yake, Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Alikaa shimoni nyuma ya jiko lile, akimsaidia Bi Kiboko kuwinga ndege shambani, na mavuno yakija hupewa fungu lake. Kwa hiyo msidhani alikuwa malaika. Mpunga ule ulikuwa na wali wake ndani.

Nguchiro akauliza Mzee analalamikia nini hasa. Bi Kiboko akasema analalamikia mengi, lakini zaidi analalamikia jiko. Kila adhuhuri akiwa barazani anasikia huko ndani krr, krr, krr, halafu kicheko, halafu krr tena, na ameshasadiki kuwa anafichwa kitu.

Kilichofichwa ni ukoko, basi. Wali ukishapakuliwa, Bi Kiboko, watoto na jirani hubaki wamekizunguka chungu, wakikwangua ule uliogandia chini. Jiko lile lilikuwa na sharti moja, ambalo Bi Kiboko alitoka nalo kwa mama yake: mkono hauingii chunguni kabla mwenyewe hajatoa habari moja, ya leo, aliyoiona kwa macho yake. Nguchiro akafikiri kidogo, akafuta mikono, akaenda barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Kiboko hakugeuka, macho yalikuwa ng'ambo.

"Nasikia mnavuka. Mimi nasema ni heri, angalau mtatuachia ule ukoko wetu wa roho." Kisha akajiziba mdomo, kama mtu aliyeropoka.

Kiboko akageuka mzima mzima. Akaamrisha chungu kiletwe palepale. Kikaletwa, akakwangua ukoko wote peke yake, akautafuna kru, kru, hadi chungu kikang'aa. Akasubiri. Akainuka, akaketi, akasubiri tena.

"Huu ni wali ulioungua," akasema.

"Ukiliwa hapa, ndiyo. Ukivuka kizingiti cha jiko, dawa yake inakufa." Nguchiro akamsogelea, akashusha sauti. Akamweleza kwamba ukoko ule una dawa ya njaa ya ndani, lakini huliwa jikoni, pamoja na wenye jiko, kwa sharti la jiko, siku ishirini na moja mfululizo. Anayekosa siku moja huanza upya.

Kiboko aliona aibu hadi masikio yakamcheza. Mtu mzima, jikoni, na watoto! Akazunguka nyumba mara tatu. Lakini njaa ile ilikuwa imemchosha, na aliyechoka hachagui mlango. "Ishirini na moja," akasema, "halafu tunavuka."

"Halafu mvuke hata kwenda mwezini, Mzee wangu."

Kesho yake akaenda. Mlango wa jiko ulikuwa wa kimo cha Bi Kiboko akiwa ameinama, kwa hiyo kilichoingia ni kichwa tu. Mwili wote ulibaki uani juani. Watoto walisogea nyuma wakimkodolea macho. Walikuwa hawajawahi kuuona uso wa baba yao kwa karibu hivyo.

Akaambiwa atoe habari. Akasema ng'ambo ya mto kuna majani marefu. Kitinda mimba, ambaye ulimi wake ulikuwa hauna adabu hata kidogo, akamjibu, "Baba, hiyo ni ya ng'ambo, na ni ya jana. Hapa hailiwi."

Kiboko akakosa ukoko siku ile. Alichomoa kichwa kwa hasira, na fremu ya mlango ikamfuata shingoni, kraaa! Wakamvua kwa mchi. Nguchiro akamwambia siku imehesabiwa hata hivyo, kwa huruma yake.

Siku ya pili alizunguka nyumba kama kawaida, lakini sasa alizunguka akitafuta habari. Akaona siafu wamebeba bawa la kumbikumbi. Akalileta jikoni kwa kujigamba, watoto wakalipokea vizuri, mkono wa kitinda mimba ukaingia chunguni kwa niaba yake. Siku ya tatu alieleza jinsi ndege kweleakwelea wanavyotua shambani, na akaongeza kuwa amewafukuza kwa kupiga maji kwa kichwa. Kifungua mimba alicheka hadi akapaliwa.

Siku ya sita aliingiza kichwa, akamfuata mkewe kwa macho. Halafu akasema, "Leo nimeona Mama watoto akiinuka hushika kiuno."

Hakuna aliyecheka. Bi Kiboko akakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Tangu lini?" Kiboko akamuuliza.

"Tangu tulipohama mara ya pili. Kinu nilikibeba mimi, Baba watoto. Wewe ulikuwa umetangulia."

Kiboko alikuwa hajui. Alikuwa amelala nyumba moja na kiuno kile miezi mitano, na alikuwa hajui. Moyo ulimuuma, akautafuna ukoko wake polepole, na tangu siku ile maji ya jikoni aliyateka yeye.

Msidhani alitulia hapohapo. Siku ya kumi asubuhi upepo ulitoka ng'ambo, ukaja na harufu ya majani, naye huyo mtoni, chubwi! Alishafika katikati Nguchiro alipomwita kutoka ukingoni, akamkumbusha tu kwamba akila kule leo, kesho ni siku ya kwanza. Kiboko akavimba, akapuliza maji, fuuu, akarudi akinung'unika. Lakini njiani aliona kobe mwenye mgongo uliopasuka akiota jua juu ya gogo, na ulipofika wakati wa chakula alikuwa na hamu kubwa ya kusimulia.

Siku zikaenda. Punje zikakauka, masuke yakainama, shamba likageuka rangi. Nguchiro kila asubuhi alikwenda kung'ata punje moja, akirudi anatabasamu. Siku ya kumi na nane wakaanza kukata. Siku ya ishirini ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye dari, na fungu la Nguchiro lilikuwa limeshawekwa kando, kubwa kuliko yeye.

Siku ya ishirini na moja, adhuhuri, Kiboko alimsimamisha Nguchiro uani. "Nimetimiza. Dawa itaingia saa ngapi?"

Nguchiro alichungulia shimo lake lilipo, akaweka mguu mmoja ndani. Ghala limejaa, sababu ya kuendelea kudanganya imekwisha, na kusema kweli alikuwa ameanza kumpenda mzee yule.

"Dawa hakuna, Mzee. Haikuwepo. Huo ni wali ulioungua, kama ulivyosema mwenyewe. Nilitaka mpunga uive, ule na mimi nile."

Kiboko alifungua kinywa chote, na mnajua kinywa cha kiboko. Ardhi ilitetemeka, vyungu vikagongana rafuni. Bi Kiboko alitoka mbio akasimama kati yao, mkono kiunoni. Aliogopa, maana mume aliyedhalilishwa huweza kuvuka mto siku hiyohiyo na asirudi, na mpunga wote ghalani usingemfariji.

"Umenidanganya mimi?" Kiboko akanguruma.

"Kila siku," Nguchiro akajibu, sasa miguu yote imo shimoni, kichwa tu nje.

Ndipo sauti ya kitinda mimba ikatoka jikoni. "Baba, ukoko unapoa. Na wewe hujatoa habari."

Kiboko akasimama. Akatazama mtoni. Akatazama mlango wa jiko. Akatafuta ile njaa yake ili akasirike nayo, akaitafuta tumboni, akaitafuta kifuani, na kwa mara ya kwanza hakujua ameiacha wapi, wala ilikuwa imeondoka siku gani. Akaenda taratibu, akapiga magoti, akaingiza kichwa mlangoni.

"Leo," akasema, "nimemwona nguchiro mmoja aliyemdanganya kiboko siku ishirini na moja."

Watoto walicheka hadi chungu kikapinduka. Bi Kiboko alicheka na machozi yakimtoka. Nguchiro alisikia kutoka shimoni, akaja akijipenyeza chini ya kidevu cha Mzee, akauliza kama habari hiyo inatosha watu wawili.

"Inatosha," Kiboko akasema. "Ingia ule."

Basi wanangu, mwenye njaa ya roho na aitazame nyumba yake vizuri kabla hajafunga mizigo.