Kanga ya Matangani

Hapo zamani za karibu, ofisi zikiwa na mihuri mingi kuliko viti, aliishi Muheza mama mmoja, Bi Mwanakheri, fundi wa kushona kwa mkono. Alipinda kanga za mtaa mzima kwa sindano, vidole vikatoboka kama chekeche. Kusoma hakujua, wala hakuona hasara yake, mpaka mama mkwe wake alipofariki.

Siku ya matanga akajitanda kanga mpya, zawadi ya wifi yake Mishi. Akakaa mbele, akalia kwa moyo wote. Waliokaa nyuma wakasoma mgongoni mwake: AFADHALI UMEONDOKA, TUMEPUMUA. Wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika, naye akadhani ni kilio.

Jioni jirani akamtobolea siri ya maandishi yale. Akamwendea mumewe, Shomari.

"Baba Saida, wewe uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mbona hukusema?"

"Kwa mlivyokuwa mkizozana na mama, nilidhani ndivyo unavyojisikia."

Kesho yake Bi Mwanakheri alikuwa mkekani kwa Jumuiya ya Tusome Nyumbani, chama cha hisani cha mtaa kilichofundisha watu wazima pamoja na watoto wao. Mwalimu Semboja akafungua kitabu kilichoidhinishwa. Ukurasa wa kwanza, twiga.

"Mwalimu, huyu twiga hajanikosea kitu. Nifundishe kanga."

Mwalimu akatazama twiga, akamtazama mama, akafunga kitabu. Masomo yakahamia kwenye kamba za kuanikia nguo. Kabla mwaka haujaisha Bi Mwanakheri alikuwa anasoma migongo ya mtaa mzima, tena kwa sauti, hata majirani kadhaa wakaanza kutoka na magauni.

Ndipo mfadhili akaipa Jumuiya cherehani ya kukanyaga, azawadiwe "Mfanikishaji wa Kisomo". Ikawekwa dirishani. Bi Mwanakheri hakupita pale bila kusimama, miguu ikikanyaga yenyewe mchangani. Akiwa na ile, angeipumzisha mikono yake.

Siku ya tuzo akaja Bwana Afisa wa elimu na cheti kimoja, mahali pa jina patupu. Akauliza ni nani aliyefanikisha kisomo cha Bi Mwanakheri, aliyewapita wote. Wakasimama watatu.

"Ni mimi," akasema Mishi. "Bila kanga yangu, wifi angekuwa bado anavaa maandishi kama maua. Mimi ndiye niliyemtia uchungu."

"Kwenye msiba wa mama yetu," akasema Shomari.

"Nilimpa siku nilipohama kwenu, nimtanie kwamba mimi ndiye niliyeondoka, maana nilijua ndivyo anavyosema moyoni. Kuivaa matangani nilimtuma mimi?"

"Hukunituma, wifi," akasema Bi Mwanakheri. "Na moyoni nilisema zaidi ya hayo."

Shomari akakohoa. "Ni mimi. Yeye akisoma, mimi napika. Mwaka mzima. Barazani wananiita Mama Saida. Muulizeni binti yangu alikula nini."

Saida akafikiri. "Tulikula, alhamdulillahi."

"Ni mimi," akasema Mwalimu Semboja. "Nimeacha kitabu cha ofisi nikafundisha kwa nguo za watu. Nina barua mbili za onyo."

Bwana Afisa, aliyeziandika zote mbili, akatafuta kitu mfukoni.

Bi Mwanakheri akainuka taratibu. "Na aliyesoma ni nani? Hawa watatu walikuwepo msibani, wote wanajua kusoma, na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza. Leo kila mmoja ananidai shukrani."

"Ningekunong'oneza, ungekuja darasani?" akauliza mwalimu.

Bi Mwanakheri akaigeukia cherehani.

Mtu akapendekeza wote wanne waitumie kwa zamu.

"Ofisi haitambui mshindi wa robo," akasema Bwana Afisa. "Cheti kina mstari mmoja." Akautazama mstari, akawatazama watu, akafanya lile ambalo ofisi hufanya jambo likiwa zito: akalihamisha. Akampa Bi Mwanakheri kalamu. "Mama umehitimu. Andika wewe."

Bi Mwanakheri akaketi na cheti magotini, kanga ileile mabegani, safari hii kaivaa kwa kujua. Mishi akachungulia kushoto, Shomari kulia, mwalimu kwa nyuma, na dirishani cherehani inangoja. Kalamu ikagusa karatasi.

Haya, ninyi mliokaa: mngekuwa Bi Mwanakheri, mngeandika jina la nani?