Kiti cha Pembeni mwa Bi Ndeonasia

Sogeeni karibu, maana kesi hii imenishinda na nataka mniamulie.

Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, aliishi mjane aitwaye Bi Ndeonasia. Alijaliwa watoto watatu. Aikande, kifungua mimba, alikuwa fundi wa bodi za magari. Elinami alijua injini na gia. Kalisti, kitinda mimba, alikuwa bingwa wa breki.

Mama huyo alikuwa na gari dogo la Kiingereza, la mbio, lisilo na paa, alilolinunua ujanani kwa jasho la kahawa. Aliliendesha mpaka kiharusi kilipoulegeza mguu wake wa kushoto. Gari likawekwa bandani, kuku wakatagia ndani. Kila akipita hapo, aligeuza uso.

Siku moja Aikande alimkuta ameshika usukani.

"Mama, bado unalitamani?"

"Natamani upepo wake, mwanangu. Lakini mguu wa kukanyaga klachi sina."

Aikande akawaita wadogo zake. Yeye akabandua mabati yaliyooza, akachomelea sakafu mpya, akalipaka rangi ileile ya kijani aliyoipenda mama. Bila yeye, mama angekanyaga sakafu, mguu ukatokea barabarani.

Elinami akang'oa giaboksi ya zamani, akaleta ya kisasa ya otomatiki, isiyohitaji klachi. Ikakataa kuingia. Akakata, akaunga, akaanza upya, hadi ikakaa. Pedeli ya klachi ikaondoka kabisa. Bila yeye, mama angebaki kulitazama tu.

Kalisti akalijaribu mteremkoni. Breki za zamani zikamponyoka, akaishia migombani, akatoka na majani kichwani. Akafunga breki mpya za diski magurudumu yote manne. Bila yeye, safari ya kwanza ingekuwa ya mwisho.

Siku ya kulitoa, mama alijifunga kilemba chekundu, akawasha gari, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nashuka Moshi mjini. Nani ananisindikiza?"

Mikono mitatu ikashika mlango kwa pamoja, na gari lile lina viti viwili tu.

"Mimi ndiye niliyekuuliza unatamani nini," alisema Aikande.

"Mimi nimekurudishia mguu," alisema Elinami.

"Na mimi ndiye nitakayekurudisha nyumbani salama," alisema Kalisti.

Mama akawatazama, wote wana grisi kuchani, wote amewazaa mwenyewe. Injini inanguruma, majirani wamejipanga kandokando ya njia, na safari ya kwanza ni moja tu.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: kiti kile mngempa nani, na kwa nini?