Mama Aliyezima Umeme Kila Ijumaa

Walikuwapo watu watano katika kituo cha kupozea maziwa: meneja, mhasibu, fundi wa mitambo, mpishi aliyeleta chai, na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukiandaa kituo kwa siku ya shida.

Ndugu zangu, mnaijua kazi hiyo? Kila Ijumaa saa nne mama yule alizima umeme kwa makusudi, ili wenzake wajizoeze kuwasha jenereta. Walimtania wakamwita Mama Giza.

Mwaka ule biashara ilidorora. Hoteli zilifungwa, oda zikapungua, na meneja akaagizwa apunguze mtu. Alimtazama mama, akaona haya, akahamishia macho ukutani.

"Mama, miaka minne hakuna baya lililotokea. Nikubakize kwa sababu gani?"

"Halikutokea kwa sababu tulijizoeza, bosi. Kama ni kuondoka, nitaondoka. Ila Ijumaa msiiache."

Meneja aliahidi. Mpishi alimfungia mama maandazi ya watoto, akamsindikiza hadi getini. Meneja hakufika hata mlangoni.

Ijumaa ya kwanza alisema dizeli imepanda bei, zoezi likaachwa. Ya pili likaachwa bila hata kisingizio. Mwezi wa tano tangu mama aondoke, umeme ulikatika kweli, matangi yakiwa yamejaa, jua likiwaka. Jenereta haikuguna hata kidogo. Fundi alipoifungua, alikuta panya wamejenga humo na kutafuna nyaya zote.

Meneja akampigia mama simu. Mnadhani alimcheka? Alikuja mbio, mtoto mgongoni, akamshikia fundi nyaya hadi vidole vikamchubuka. Saa zikapita. Harufu ya maziwa ikaanza kubadilika.

"Nisamehe, mama," meneja alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikusamehe siku ile ile, bosi. Lakini maziwa hayajui kusamehe."

Na sisi je? Anayetutoa kwenye moto tunamshangilia. Anayezuia moto usiwake tunamwona hana kazi, na mambo yakibana ndiye wa kwanza kuonyeshwa mlango. Nyumbani kwako ni nani huyo, ambaye kwa sababu yake hakuna kilichoharibika, nawe hujamwambia asante? Mwambie leo, maana toba ya meneja ilikuwa ya kweli, machozi yalimtoka, na bado ilikuwa imechelewa.

Jioni ile maziwa yote yalimwagwa mtaroni, na wiki iliyofuata wafugaji walianza kupeleka yao kituo kingine.