Bi Vipande na Koti la Mkurugenzi

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Mgeni akibisha hodi unaukunja mbio mbio na kuusukuma uvunguni, maana unaaibisha. Hata hivyo ni wako, na ukichoka ndio unaokupokea. Msala mpya anaopita nao mtu njiani unavutia macho, lakini unapita, na mwenyewe hajasema atatua. Asiyesadiki na amuulize fundi mmoja wa kukata vitambaa, katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule.

Wenzake walimwita Bi Vipande, na jina lilimstahili mara mbili. Kutwa alikata vipande vya mikono, kola na mifuko. Kila mwisho wa mwezi, kabla hajanunua hata chumvi, alinunua vipande vya aina nyingine katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule ambao watu wengi huchangia, wataalamu wakawekeza, na kila mtu akahesabiwa vipande kwa kadiri ya alichoweka. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mwaka ambao bei ya vipande ilishuka, wenzake waliuza vyao kwa hofu. Yeye alinunua kama kawaida. "Kitambaa kikishuka bei, fundi hafungi duka," alisema, na bei ikapanda tena polepole.

Alikuwa mjane, na ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu astaafu. Hofu yake ilikuwa moja: kuzeeka akisubiri simu ya mwanawe ndipo anunue dawa ya mgongo. "Mwanangu ana watoto watatu," alizoea kusema. "Sitaki kuwa wa nne."

Hapo ndipo alipotokea shemeji yake, mume wa mdogo wake. Watu walimwita Mkurugenzi, ingawa hakuwahi kuongoza kitu zaidi ya maneno. Siku hiyo alikuwa ndani ya suti ya buluu inayong'aa.

"Shemeji, utakata vitambaa mpaka ukatike wewe?" alianza, akijikalisha juu ya meza ya kukatia. "Kampuni yetu inazidisha pesa mara mbili kwa siku tisini. Uza hivyo vipande, lete huku. Ukistaafu, kiinua mgongo nacho kifuate. Utajenga ghorofa!"

"Ghorofa ya nini, na magoti haya?"

"Mpangaji atakaa juu, wewe utakaa chini!"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko. Mpiga pasi, shoga yake wa miaka mingi, peke yake ndiye hakucheka. Yeye alikwisha kuingia, na siku ya tisini alilipwa kweli, akanunua televisheni pana kuliko dirisha lake. "Shoga, mimi si mtu wa kukudanganya," alinong'ona. "Nimezishika kwa mkono huu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Vipande. Miaka yote ile ya kujinyima, na mwenzake kapata kwa siku tisini! Alijiona mjinga. Kesho yake alichukua fomu ya kuuza vipande vyote, akaijaza, akaibana chini ya mkasi. Ilikuwa imebaki sahihi tu.

Mkurugenzi alipokuja kuifuata, alimpa na kazi ndogo. "Shemeji, nimenenepa kwa neema. Hebu nipanulie koti hili."

Bi Vipande alilipindua, kama anavyopindua kila nguo inayofika mezani pake. Nje lilikuwa koti la bwana harusi. Ndani, lo! Bitana imebandikwa kwa gundi, na kwenye mishono hakukuachwa kitambaa cha ziada hata upana wa ukucha. Fundi wa kweli huacha ziada, kwa kuwa mvaaji atanenepa. Aliyeshona koti hili alitaka liuzike tu, basi.

"Halipanuliki," alisema. "Ndani hakuna kitu."

"Achana nalo. Weka sahihi."

"Ngoja. Na kampuni yenu nataka niipindue. Faida hiyo inatoka wapi? Mnalima? Mnajenga? Mnauza nini?"

"Aa, hiyo ni siri ya kampuni."

"Siri? Mfuko wangu huniletea karatasi kila mwaka, inaniambia pesa yangu iko wapi. Nyinyi aliyeingia jana mnamlipa kwa pesa ya nani, kama si ya anayeingia leo?"

Mkurugenzi alilivuta koti lake. Kisha akafoka, "Shida yenu masikini ni woga! Utakufa na mkasi mkononi!"

"Nitakufa nao, lakini ni wangu." Akaichana ile fomu vipande vinne.

Walimcheka miezi minne mizima. Mwezi wa tano, ofisi ya kampuni ilikutwa na kufuli, na simu zao hazikupatikana tena. Mpiga pasi alikuwa amerudisha humo faida yote na akiba juu yake. Bi Vipande hakumsimanga. Alimkumbatia, wakalia pamoja.

Siku ya kustaafu ilipowadia, hakukikimbilia kiinua mgongo kwa pupa. Sehemu aliiweka benki kwa ajili ya maradhi. Sehemu kubwa alinunulia hatifungani za serikali, zinazomlipa riba kila nusu mwaka. Vipande vyake hakuvigusa. Kilichobaki kilinunua cherehani mbili, zikawekwa sebuleni mwake, na wa kwanza kuajiriwa alikuwa mpiga pasi.

Mwanawe alipopiga simu kuuliza mama ana shida gani, alicheka mpaka mgongo ukanyooka. "Shida? Nataka vipimo vya wajukuu. Sare za mwaka huu nashona mimi, bure!"

Mkurugenzi, ambaye kampuni ilimlia hata yeye akiba yake, naye alikuja, koti kwapani, bitana inaning'inia. "Shemeji," alisema taratibu, "nishonee tu, hata kwa mkopo."

"Lete. Ila utasubiri, wateja ni wengi." Akamwonyesha mkeka mkuukuu uliotandikwa kando ya ukuta, matobo na yote. Mkurugenzi akakaa juu yake, akanyoosha miguu, akajifunza kwa makalio yake alichokataa kujifunza kwa masikio: usiache mbachao kwa msala upitao.