Ngiri Mfyeka Nyasi na Bei Iliyomkwama Kooni

Paukwa!

Pakawa!

Nyasi?

Za kufyekwa!

Jasho?

La mfyekaji!

Na bei je?

Aa, mbona mnaangaliana? Wewe baba Salha, usiinamishe kichwa, nawe ni fundi, nakujua. Basi hapo mlipokwama ndipo alipokwama Ngiri. Nisikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua mbele ya nyumba zao, paliondokea Ngiri, mfyeka nyasi. Hakuwa na panga. Hakuwa na fyekeo. Alikuwa na meno. Alipiga magoti ya mbele, akainua mkia, akakata. Kacha-kacha! Kacha-kacha! Magoti chini, mkia juu! Akimaliza, ua umelala sawasawa, ungeliviringisha yai la kanga kutoka mwanzo hadi mwisho lisikwame popote.

Kazi aliijua. Bei ndiyo hakuijua.

Akiulizwa, "Ngiri, ni kiasi gani?" masikio yalimlala kwa haya. "Aa, jirani! Sisi si watu baki. Utanipa chochote."

Naye alipewa chochote. Nyika ile walilipana kwa mihogo, lakini Ngiri mihogo hakuiona. Kanga alimpa unyoya mmoja. Nyumbu alimpa dua, tena fupi. Nyani alimpa ahadi, na kesho yake akampa ahadi nyingine ya kuongezea ile ya kwanza.

"Baba watoto," akauliza mkewe, Mama Ngiri, "unyoya huu niuchemshe au niukaange?"

"Mke wangu, nitazame vizuri. Mungu alipokuwa akigawa sura, mimi nilikuwa nimepiga magoti nakula majani. Kwa uso huu, nikitaja na bei, nani ataniita tena?"

"Wanakuitia meno, baba watoto. Uso hakuna aliyeuagiza."

Msimcheke sana. Mimi mwenyewe ninayewasimulia niliwahi kusuka ukili wa mikeka mwezi mzima nikalipwa "ahsante", na nikajibu "usijali".

Siku moja akaja Mzee Muhanga. Muhanga ndiye aliyekuwa mchimba mashimo wa nyika ile, na shimo walimolala Ngiri, mkewe na watoto wao wanne lilikuwa lake. Akasema, "Ngiri, mwaka mzima umekaa humu. Nataka mihogo thelathini. Tone la kwanza la masika likianguka hujalipa, shimo nampa Nungunungu."

"Haya, mzee," akasema Ngiri.

Muhanga akaenda zake. Mama Ngiri akawatazama watoto wake. Kule ng'ambo Chui alikuwa amejilaza kwenye jiwe, naye pia alikuwa akiwatazama watoto. Ngiri aliogopa. Aliogopa hasa, moyo ukampiga du-du-du.

"Leo nitataja bei!" akasema.

Lakini ataje bei gani? Akafikiri, akafikiri. Mkubwa alipe sana, mdogo alipe kidogo. Basi! Hiyo ndiyo haki. Alifurahia akili yake hiyo hata akajipongeza njia nzima.

Akafika kwa Mama Kiboko. Akamtazama mwili. Akajaza kifua pumzi. "Mama, kwako wewe ni mihogo kumi na mitano!"

Mama Kiboko akamwonyesha ua wake. Ua wenyewe upana wa mkeka, na nyasi zenyewe alikuwa amezila jana. "Mihogo kumi na mitano, uje ukinyoe kipara?" Akacheka, ha-ha-haaa! Maji ya mto yakatikisika. Majirani wakaja kuuliza kuna nini, akawaeleza, wakacheka upya. Ngiri naye akacheka kidogo, maana kulia mbele za watu ni aibu zaidi.

Akaenda kwa Digidigi. Akamtazama. Vijiguu vyembamba kama njiti za kiberiti. Huruma ikamjaa. "Mdogo wangu, kwako wewe ni muhogo mmoja tu."

"Mmoja? Una hakika, kaka?"

"Mimi nikisema nimesema!"

Digidigi akamzungusha nyuma ya nyumba. Lo! Ua ulianzia pale, ukapanda kilima, ukateremka upande wa pili. Miiba humo. Mawe humo. Vichuguu humo. Bei kaitaja mwenyewe, tena kwa majivuno. Afanyeje? Kacha-kacha! Kacha-kacha! Magoti chini, mkia juu! Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu magoti yakachubuka. Siku ya nne akarudi nyumbani na muhogo mmoja, nao mwembamba.

"Mke wangu," akasema, "zamani nilikuwa mjinga wa bure. Leo nimepanda cheo. Mimi sasa ni mjinga wa muhogo mmoja."

Mama Ngiri alicheka. Kisha akalia. Wingu jeusi lilikuwa limekwisha kusimama juu ya milima, na Chui alikuwa amehamia jiwe la karibu zaidi.

Mama Ngiri akapangusa machozi, akasema, "Baba watoto, ulimpima mwenye ua, ua hukuupima. Kesho uuzunguke kwanza. Hesabu hatua. Tazama nyasi zinakufika wapi, gotini au kifuani. Tazama miiba na mawe. Hesabu siku utakazopiga magoti, na vinywa sita vitakula nini siku hizo, na shimo tunamolala lilipiwe nini. Ukijumlisha hayo ndiyo bei. Itaje, kisha unyamaze."

"Ninyamaze?"

"Unyamaze. Nakujua. Ukinyamaziwa kidogo tu, unajipunguzia mwenyewe kabla hujaombwa."

Kulipokucha Ngiri akaenda kwa Mama Mbuni, aliyekuwa akimwoza bintiye na kutaka ua ufyekwe kwa arusi. Safari hii hakumtazama mwenye nyumba. Alizunguka ua. Moja, mbili, tatu, hadi hatua mia mbili. Nyasi za kifuani. Pembeni miiba ya mgunga. Siku tatu za magoti. Akajumlisha, akakosea, akajumlisha tena.

"Haya, bei?" akauliza Mama Mbuni.

"Mihogo thelathini na sita."

"Thelathini na ngapi?"

Kimya.

Ee, jamani, kimya kile! Ngiri alisikia ulimi unamwasha. Ishirini ilikuwa imeshafika mlangoni mwa kinywa. Kumi imesimama nyuma yake. Na nyuma ya kumi, chochote anasukuma foleni. Ngiri akaona sasa ataropoka. Akainama, akang'oa tonge kubwa la nyasi, nyam! Akajijaza mashavu yote mawili.

"Ishirini," akasema Mama Mbuni.

Ngiri alitaka sana kukubali. Hakuweza, kinywa kimejaa. Akatafuna.

"Ishirini na tano, na kivuli cha kupumzikia."

Akatafuna. Machozi yakamlenga.

Mama Mbuni akageuka, akaenda zake. Hatua kumi. Hatua ishirini. Ngiri aliliona shimo likimponyoka, akawaona watoto wake nje, akaona na lile jiwe la Chui. Akatafuna mbio mbio ili ameze aite, "Mama, rudi, hata bure nafanya!" Lakini nyasi zile zilikuwa kavu, hazikumezeka.

Mama Mbuni akasimama. Akautazama ua wake, akakumbuka wakwe watakaokuja. Akarudi. "Fundi usiyebabaika namna hii, bila shaka unaijua kazi yako. Thelathini na sita, lakini na ile miiba uing'oe."

Miiba alikuwa ameshaihesabu. Akaitikia kwa kichwa.

Kacha-kacha! Kacha-kacha! Magoti chini, mkia juu! Siku ya tatu ua ukawa umenyooka, Mama Mbuni akalipa yote, hata mmoja haukupungua. Ngiri akatia kikapu mgongoni, akatimua mbio, mkia umesimama wima. Kule shimoni Mzee Muhanga na Nungunungu walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama juu. Wingu likanguruma. Ngiri akatua kikapu, puu!

"Mzee, mihogo yako! Thelathini!"

Ndo! Tone la kwanza likaanguka juu ya muhogo wa juu kabisa.

Muhanga akahesabu. Akahesabu tena. Akamtazama Ngiri. "Yote thelathini?"

"Si ndivyo ulivyosema, mzee?"

"Nilisema. Nungunungu huyu naye nilimtajia thelathini, akalia, akaapa, akanitajia na mama yake mgonjwa, tukafika kumi na miwili. Nawe nilikutajia bei ya juu nikingoja uniombe nipunguze. Wewe ukasema 'haya, mzee'. Nikadhani labda una mali."

Ngiri akaketi chini palepale kwenye tope. Mvua ikammwagikia. Akaanza kucheka, akacheka hadi vinundu vya mashavuni vikatikisika. "Mke wangu!" akaita. "Kutaja bei umenifundisha. Kesho nifundishe kuomba kupunguziwa!"

"Ingia ndani kwanza," Mama Ngiri akaitika kutoka shimoni. "Watoto wanne wamo, hawajalowa, wanakungoja wewe tu."

Basi wangu, wadogo kwa wakubwa, funzo ndilo hili. Pima kazi, usipime sura ya mwenye kazi, wala sura yako mwenyewe. Ukishapima, taja, na ustahimili kimya. Mwenye kuona haya kutaja bei ya jasho lake, watoto wake ndio wanaoilipa.

Nami ua wangu nimeufyeka hadi ukingoni. Hadithi yangu imeishia hapo.