Uvimbe wa Edinah

Wahenga walisema si kila mwenye makucha huwa simba. Paka naye anayo, ila sijaona mtu aliyemkimbia paka hadi akavunjika mguu. Edinah Nasimiyu, mchuuzi wa vitunguu sokoni Chwele, nusura aulemaze wake kwa mbio za namna hiyo.

Uvimbe mgumu wa rangi ya kahawia ulikuwa umemwota kwenye muundi. Mwaka wa 2006 alikwenda hospitalini Kitale, ukakatwa kipande. Daktari Gicheru alizitazama seli kwa hadubini akakunja uso. Zilifanana na saratani ya ngozi itambaayo chini kwa chini kama nyasi za sangari. Ingebidi akate nyama hadi karibu na mfupa, na huenda Edinah angechechemea maisha yake yote.

Mwenzake, Daktari Wacuka, aliomba subira.

"Mama, ziko aina mbili zinafanana sana. Ile mbaya, seli zake ziko na alama hapo juu, kama chapa ya ng'ombe. Maabara ya Eldoret wataweka rangi inayoshika hiyo alama pekee. Isiposhika, tutashukuru Mungu."

Edinah alirudi nyumbani roho mkononi. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mashangazi walikuwa wamewasili na kuku, na shemeji yake Wakoli, mtu asiyekubali kikao kipite bila yeye kuwa mwenyekiti, alikuwa ameunda kamati. Kamati za kwao zimezoea kazi moja tu, hivyo Edinah aliwakuta wakijadili turubai na kwaya ya mazishi.

"Shemeji, hiyo nyama ya mguu ikatwe kesho," Wakoli alisema. "Unangojea nini? Ati rangi?"

Edinah aliogopa saratani mno. Mguu huo ndio uliomfikisha mpakani Lwakhakha na magunia yake, ukawasomesha wanawe. Kukatwa nyama bure kulimtisha zaidi.

"Hata wewe hununui ng'ombe bila kuangalia chapa," alijibu. "Nitangoja. Na hao kuku wasichinjwe."

Kuku walichinjwa hata hivyo.

Majibu yalipofika, Daktari Gicheru aliyasoma, akayarudia. Rangi haikuzishika seli za uvimbe ule.

"Mama, nilikutisha bure," alisema. "Si saratani. Tutatoa hii kitu asubuhi, jioni uko kwako."

Edinah alicheka hadi machozi yakamtoka.

Nyuzi zilipotolewa, alipita mbele ya kamati nzima akielekea sokoni, miguu yote miwili ikikanyaga sawasawa. Wakoli alibaki mwenyekiti asiye na ajenda. Hakika, si kila mwenye makucha huwa simba.